Kidonge cha Kila Siku na Malengelenge Yanayorejea

Mwezi Aprili mwaka 2008 jarida la tiba la Marekani liitwalo New England Journal of Medicine lilichapisha habari za wanawake 821 wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania, wahudumu wa baa, wa nyumba za wageni na wa migahawa, wenye umri wa miaka 16 hadi 35, ambao wote walikuwa na kirusi cha malengelenge ya sehemu za siri katika miili yao na wote, wakati uchunguzi unaanza, hawakuwa na virusi vya UKIMWI. Waligawanywa kwa kura: 400 wakapewa vidonge vya asaiklovia vya miligramu 400, kimoja asubuhi na kimoja jioni, na 421 wakapewa vidonge vilivyofanana na hivyo kwa sura lakini havikuwa na dawa ndani yake, kisha kila baada ya miezi mitatu kliniki ya kuhamahama ikawafuata katika maeneo yao 19, kwa muda wa mwaka mmoja hadi miwili na nusu, kuwapima na kuwaulizia vidonge vyao. Matumaini ya wachunguzi, ambao walikuwa watu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ya Mwanza pamoja na wenzao wa London, yalisimama juu ya hoja iliyoonekana thabiti: maadamu kidonda cha malengelenge hufungua mlango katika ngozi, na maadamu mwenye kirusi hicho huwa katika hatari ya kuambukizwa UKIMWI takribani mara tatu ya asiyekuwa nacho, basi dawa inayozuia vidonda ilipasa kuufunga mlango huo. Haukufungika. Hesabu ilipopigwa mwishoni, wanawake 27 wa kundi la dawa na 28 wa kundi la vidonge vitupu walikuwa wameambukizwa.

Misigiri, mji nitakaouzungumzia, haimo katika Kanda ya Ziwa walikokuwa wanawake hao. Imo katika Wilaya ya Iramba, Mkoa wa Singida. Lakini mtu aijuaye barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega atakubali kwamba ni mji wa jamaa moja na ile iliyochunguzwa: hapo ndipo njia ya Kiomboi inapochepuka, hapo hupita magari makubwa ya mizigo yaendayo Mwanza, Rwanda na Burundi, yakielekea kuuteremka mlima wa Sekenke au yakitoka kuupanda, na hapo mama lishe, wenye gesti, makondakta na wachuuzi wa vitunguu na alizeti huishi kwa sehemu ya riziki iletwayo na wapitao. Nimeichagua iwe mahali pa kulizungumzia jambo hili kwa sababu mtu wa mji kama huo, anapouguzwa na malengelenge yanayorejea, hukabiliwa na maswali yale yale yanayomkabili mgonjwa wa Dar es Salaam au wa Nairobi, ilhali walio karibu naye aghalabu ni mhudumu wa zahanati na muuzaji wa duka la dawa muhimu, wala si bingwa wa ngozi. Na uchunguzi wa Kanda ya Ziwa, ingawa haukulitimiza kusudi lake, umemwachia mtu huyo fundisho la maana kubwa, nalo ni kwamba kidonge cha kila siku hakina thamani moja kwa kila kusudi: kabla ya kuuliza kama tukimeze, yatupasa kwanza kujua tunakimezea nini.

Wala asidhani msomaji kwamba haya ni maradhi ya watu wa baa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu wapatao milioni 520 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na kirusi cha aina ya pili, ambacho ndicho chanzo kikubwa cha malengelenge yanayorejea katika sehemu za siri. Hao ni zaidi ya mtu mmoja kwa kila wanane wa umri huo duniani, na kwa kulinganisha na idadi ya watu wake Afrika ndiyo inayobeba mzigo mkubwa zaidi, wanawake wakiwazidi wanaume. Hesabu kubwa kama hiyo haiwezi kukaa ndani ya baa. Imo katika nyumba za walimu na za wakulima, za wanakwaya na za wanaoswali safu ya mbele, na wengi wa hao waliomo hawajijui, kwa kuwa kirusi hiki huweza kukaa na mtu umri mzima bila kumtolea dalili anayoitambua.

Viko virusi viwili vilivyo ndugu. Cha kwanza hupenda mdomo, nacho ndicho kinachotoa yale malengelenge ya pembeni mwa midomo ambayo watu wengi huyaona baada ya homa. Cha pili hupenda sehemu za siri. Lakini mipaka hiyo si ya chuma, maana cha kwanza pia huweza kufika chini kwa njia ya kinywa. Tetekuwanga na mkanda wa jeshi ni wa ukoo huo huo, ila ni maradhi mengine yenye kirusi chake. Kirusi cha malengelenge kinapoingia katika ngozi laini hupanda kwa njia ya neva mpaka kwenye vifundo vyake vilivyo karibu na uti wa mgongo, sehemu ya chini ya kiuno, na hapo hujificha mahali ambapo askari wa mwili hawakifikii wala dawa yoyote tuliyo nayo haikiondoi. Huko hulala. Mara kwa mara huamka, hushuka kwa njia ile ile ya neva, na kutokeza juu ya ngozi.

Mara ya kwanza aghalabu huwa ndiyo nzito kuliko zote: homa, mitoki ya kinena kuvimba, vidonda vingi vyenye maumivu makali, na mkojo unaochoma kiasi cha mtu kuogopa kunywa maji, mateso yawezayo kuchukua wiki mbili hadi tatu yasipotibiwa. Marejeo huwa mepesi zaidi na mafupi zaidi. Vipele vichache vyenye maji hutoka aghalabu mahali pale pale, hupasuka, hukauka na kupona, na wengi hupewa ilani kabla, yaani mwasho, ganzi, au maumivu yanayotambaa kwenye matako na mapaja, saa kadhaa au siku nzima kabla kipele hakijaonekana. Aliyeambukizwa kirusi cha pili huweza kurejewa mara nne au tano katika mwaka wa kwanza, na wengine mara nyingi zaidi ya hapo. Wa kirusi cha kwanza hurejewa mara chache, pengine mara moja tu kwa mwaka. Na kwa wengi, kadiri miaka inavyopita, ndivyo marejeo yanavyopungua kwa yenyewe. Jambo hili la mwisho ningependa mgonjwa mpya alishike sana, kwa kuwa miezi ile ya mwanzo, inapoonekana kama kwamba mwili umegeuka adui wa daima, ndiyo miezi ambayo watu hufanya maamuzi ya pupa na kutoa fedha zao kwa kila anayeahidi kung'oa mzizi. Mwaka 2011 maelfu ya watu walifunga safari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa kutaraji kuponywa maradhi sugu. Hamu ile ya kupona kwa siku moja bado iko nasi, na wauza dawa za mitaani wanaijua bei yake. Dawa ya kukiondoa kirusi hiki mwilini haijapatikana popote. Iliyopo ni ya kukifubaza.

Kabla ya dawa, hata hivyo, ni lazima kuwa na yakini ya maradhi yenyewe. Si kila kidonda cha siri ni malengelenge: kaswende hutoa kidonda kimoja, kigumu, ambacho aghalabu hakiumi, nayo hupona kwa sindano ya penisilini, na isipotibiwa hurudi baada ya miaka kuharibu moyo na ubongo. Uchunguzi mwingine wa Mwanza, uliotangazwa mwaka 1995 na kusomwa duniani kote, ulifanyika katika jamii 12 za mashambani na kuonyesha kwamba zahanati za kawaida, wahudumu wake wakifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, ziliweza kupunguza maambukizi mapya ya UKIMWI kwa takribani asilimia 40. Wakati ule vidonda vinavyoletwa na vimelea vinavyouawa kwa sindano vilikuwa vingi; kadiri vilivyopungua, ndivyo malengelenge yalivyobaki kuwa sababu kuu ya vidonda vya siri katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Ndiyo maana mwenye kidonda cha kwanza asiishie dukani. Aende zahanati, apimwe kaswende, na apimwe virusi vya UKIMWI, kwa kuwa malengelenge yanayorejea mara nyingi mno, au yanayokaa zaidi ya mwezi bila kufunga, huweza kuwa ndiyo ishara ya kwanza ya kinga iliyodhoofika. Na mtu wa namna hiyo dawa yake ya kwanza ni zile za kufubaza virusi vya UKIMWI, ambazo mwili ukishapata nguvu kwazo hata malengelenge yenyewe hupoa.

Asaiklovia ina historia inayostahili mistari michache. Ilizaliwa katika miaka ya 1970 katika maabara za kampuni ya Burroughs Wellcome nchini Marekani, katika kundi la Gertrude Elion, mwanamke ambaye hakupata kuimaliza shahada ya udaktari na ambaye mwaka 1988 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na George Hitchings na James Black. Uzuri wa dawa hiyo ni kwamba huingia mwilini ikiwa imelala, na kimeng'enya cha kirusi chenyewe ndicho kinachoiamsha. Kwa hiyo huzuia uzazi wa virusi katika chembe zilizoambukizwa na kuziacha zilizo salama bila madhara makubwa. Lakini kirusi kilicholala ndani ya neva hakizai, na kisichozaa hakidhuriki nayo. Hapo ndipo nguvu za dawa zinapokoma.

Sasa tumfikirie mama mmoja wa kutunga, mwenye mgahawa hapo njia panda, wa umri wa miaka 38, aliyekwisha kupimwa na kujulikana maradhi yake. Ameingia katika chumba cha tabibu kijana, amemwitikia "marahaba" yake, na tabibu anamwuliza, "Mama, kwa mwaka vinakutoka mara ngapi?" Naye anajibu, "Sijawahi kuhesabu, mwanangu. Ninachojua ni kwamba nikikaribia siku zangu, au nikikesha na kazi, basi." Jawabu hilo ni la kweli, lakini halitoshi kumpatia shauri jema, kwa maana njia ya dawa ni mbili na hesabu ndiyo inayozitenga.

Njia ya kwanza ni kutibu kila rejeo linapokuja: asaiklovia miligramu 400 mara tatu kwa siku kwa siku tano, au miligramu 800 mara tatu kwa siku kwa siku mbili tu. Siri yake ni haraka. Dawa ianzwe katika ile saa ya mwasho na ganzi, au ndani ya siku moja tangu kipele cha kwanza, na ikichelewa zaidi ya hapo hupata kazi ndogo sana ya kufanya, kwa kuwa virusi vimekwisha kuzaa na mwili umekwisha kuanza kujitibu wenyewe. Kwa hiyo mtu wa njia hii hana budi kuwa na vidonge nyumbani kabla ya siku ya haja. Anayeanza kutafuta nauli ya kwenda Kiomboi baada ya vidonda kutoka, aghalabu dawa humfikia vikiwa vinakauka. Hata ikimezwa kwa wakati wake, dawa hufupisha rejeo kwa siku moja au mbili, si zaidi.

Njia ya pili ni kumeza kila siku, mtu akiwa mzima na akiwa na vidonda: miligramu 400 asubuhi na miligramu 400 jioni. Kwa wenye marejeo mengi, njia hii hupunguza idadi yake kwa asilimia 70 hadi 80, na wengine hukaa mwaka mzima bila kuona kipele. Tuseme mama yetu, baada ya kuhesabu, ameona kwamba hurejewa mara nane kwa mwaka. Kwa njia ya kwanza ya siku tano atahitaji vidonge 15 vya miligramu 400 kila mara, jumla yake vidonge 120. Kwa njia ya siku mbili atahitaji 96. Na kwa njia ya kila siku atahitaji 730, navyo vitamshushia marejeo kutoka manane hadi mawili hivi. Akipata vidonge vya miligramu 200 tu, hesabu zote hizo zizidishwe mara mbili. Vidonge zaidi ya 600 vya ziada kwa mwaka, ili kuepuka marejeo sita: kwa mtu mmoja hiyo ni biashara ya hasara, na kwa mwingine, ambaye kila rejeo humfunga nyumbani siku nne bila kuuza chakula, au humtia huzuni asiweze kulala wala kumkaribia mumewe, ni nafuu iliyo wazi.

Matabibu wengi huanza kuifikiria njia ya kila siku marejeo yanapofika manne hadi sita kwa mwaka au zaidi, na Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa wenye marejeo ya mara kwa mara, au makali, au yanayowataabisha nafsi. Rai yangu ni kwamba hilo la mwisho halipewi uzito wake katika zahanati zetu. Tumezoea kuyapima maradhi kwa damu na kwa homa, na mtu anayesema kwamba vidonda vyake ni vidogo lakini moyo wake umechoka huonekana kama anayedeka. Kumbe katika maradhi haya fedheha na hofu ya kugunduliwa huweza kuumiza kuliko ngozi. Mwenye marejeo matatu tu kwa mwaka ambaye maisha yake yameharibika kwa ajili yake ana haki ya kuiomba dawa, na mwenye marejeo manane ambaye hayamsumbui ana haki ya kuiacha. Tena iko njia ya katikati isiyosemwa sana: kumeza kila siku kwa muda maalumu, mathalan miezi ya mavuno yenye kazi nyingi, na kisha kupumzika.

Atakayeamua kuanza asiifanye kuwa ndoa ya milele. Baada ya mwaka mmoja inafaa asimame, asubiri, na aangalie mwili wake umefika wapi, kwa sababu huenda marejeo yamekwisha kupungua kwa yenyewe. Ajue tu kwamba rejeo la kwanza baada ya kuacha huweza kuja upesi na kwa nguvu. Asiamue kwa hilo moja, bali aone angalau mawili ndipo apime. Asaiklovia imetumiwa kwa miongo mingi na watu wengi kwa miaka mfululizo bila kuwadhuru. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kuharisha huwapata baadhi, na usugu wa kirusi dhidi ya dawa ni nadra kwa mwenye kinga timamu. Wa kuchukua hadhari ni mwenye maradhi ya figo, kwa kuwa dawa hutoka mwilini kwa njia ya figo na kipimo chake hupasa kupunguzwa. Wengine nao wanywe maji ya kutosha.

Hapa ndipo fundisho la wanawake wa Kanda ya Ziwa linapohusika. Kwa makadirio ya wachunguzi, mwanamke wa kati katika kundi hilo alimeza asilimia 90 ya vidonge vyake. Lakini walipopimwa katika mwezi wa 6, wa 12 na wa 24, kirusi kilionekana kwa kiwango kinachokaribiana katika makundi yote mawili, la dawa na la vidonge vitupu, jambo linalotia shaka kwamba vidonge vilivyohesabiwa havikuwa vyote vilivyomezwa. Siwalaumu. Mhudumu wa gesti hulala alfajiri na kuamka adhuhuri, huhama mji bila taarifa, na hushiriki chumba na watu ambao hataki waone chupa yake ya vidonge. Asaiklovia ni dawa ya saa chache. Nusu yake huondoka mwilini katika muda wa saa tatu hivi, na mtu anayemeza cha jioni tu na kukisahau cha asubuhi hukaa nusu ya kila siku bila ulinzi. Tofauti yake iko katika uchunguzi mwingine mkubwa, uliotangazwa mwaka 2010, uliowahusu jozi 3,408 za wenza katika nchi saba za Afrika, Moshi ikiwa mojawapo ya vituo vyake, ambamo mmoja wa kila wenza wawili alikuwa na virusi vya UKIMWI pamoja na kirusi cha malengelenge. Hao walizingatia vidonge vyao kwa ukamilifu wa ajabu, dawa ikiwa ile ile na kipimo kile kile, na vidonda vya malengelenge vikapungua kwa asilimia 73. Hata hivyo, maambukizi ya UKIMWI kwa wenza wao hayakupungua.

Nini kilichofichika? Mwaka 2009 wanasayansi wa Seattle walichukua vipande vidogo vya ngozi iliyokwisha kupona na wakakuta chembe zile ambazo virusi vya UKIMWI huzipenda zingali zimejazana pale kwa wiki nyingi, hata kwa watu wanaomeza asaiklovia kila siku. Ngozi imefunga na macho hayaoni kitu, lakini chini yake mwili bado umo vitani. Basi mwenye malengelenge anayetaka kujikinga na UKIMWI ategemee kondomu, na vidonge vya kinga viitwavyo PrEP ikiwa maisha yake yanamweka hatarini, na mwenza mwenye virusi azingatie dawa zake za kufubaza. Asiitwike asaiklovia mzigo ulioishinda mara mbili mbele ya mashahidi.

Liko kusudi la tatu, nalo ni kumlinda mwenza asiambukizwe malengelenge yenyewe. Hapa kidonge kina msaada wa kadiri. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2004, jozi 1,484 za wenza, ambao mmoja alikuwa na kirusi na mwingine hana, walifuatwa kwa miezi minane. Wagonjwa waliomeza valasaiklovia, dada yake asaiklovia, miligramu 500 mara moja kwa siku, waliwaambukiza wenzao karibu nusu ya kiwango cha wale waliomeza vidonge vitupu, yaani asilimia 1.9 dhidi ya 3.6. Kondomu nayo hupunguza lakini haifuniki ngozi yote. Tohara ya wanaume, katika uchunguzi wa Rakai nchini Uganda, ilipunguza maambukizi kwa asilimia 28. Kujiepusha na tendo la ndoa tangu ilani ya kwanza mpaka ngozi ipone kabisa ni sharti, ingawa halitoshi peke yake, maana kirusi huweza kutokea juu ya ngozi siku ambazo hakuna kidonda: wapimwaji wa Marekani wenye historia ya dalili walikutwa nacho katika siku moja kwa kila tano.

Kutoka hapo tunafika kwenye jambo linalowaumiza watu kuliko maradhi. Mume anaporudi safari na kumkuta mkewe ana malengelenge, au mke anapoyaona kwa mumewe, neno la kwanza huwa "umeyatoa wapi?", na la pili huwa talaka. Lakini mtu huweza kukibeba kirusi hiki kwa miaka mingi bila kujua na dalili zikamtoka kwa mara ya kwanza ndani ya ndoa ya uaminifu. Mwingine huambukizwa na mwenza ambaye mwenyewe hakupata kuona kipele maishani mwake. Kwa hiyo kidonda cha leo hakimtaji aliyekileta, wala hakitaji mwaka kilipoingia. Mzee wa ukoo, shehe au mchungaji anayeletewa shauri la namna hii, asipolijua jambo hili moja, huweza kuhukumu kwa dhuluma huku akidhani anatenda insafu. Wakati mzuri wa kumwambia mwenza ni siku ya utulivu, kabla ya kidonda kutoka, kwa maneno machache: ninacho kirusi hiki, hupoa na kurudi, nina dawa, na twende pamoja tukaulize. Kula pamoja, kufua pamoja na kutumia choo kimoja hakuambukizi, na mama wa mgahawa ataendelea kuwapikia wasafiri bila kumdhuru yeyote.

Mama mjamzito ana hesabu yake. Mwanamke mwenye malengelenge ya zamani hana sababu ya kuogopa mno, kwa kuwa kinga yake humvukia mtoto na hatari ya kumwambukiza wakati wa kuzaa ni ndogo. Hatari kubwa ni ya yule anayeambukizwa kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu ya mwisho, ambaye mtoto wake huweza kupata maradhi ya kuua au ya kuharibu ubongo. Kwa hiyo mume mwenye kirusi na mke asiyekuwa nacho wajizuie au watumie kondomu miezi hiyo. Mwenye marejeo huweza kupewa asaiklovia tangu wiki ya 36, na akiwa na vidonda uchungu unapoanza hupasa kuzalishwa kwa upasuaji, jambo linalotaka hospitali. Amweleze mkunga mapema kliniki, asingoje usiku wa uchungu.

Nyumbani, wakati wa rejeo, maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, nguo za pamba zisizobana, na panado kwa maumivu hutosha. Mkojo ukichoma, mtu akojoe akijimiminia maji, na baada ya kushika kidonda anawe mikono asije akakipeleka kirusi jichoni. Krimu za kupaka zina faida ndogo sana. Na majivu, spiriti, dawa za kufulia na majani makali yanayounguza yaachwe kabisa. Huongeza kidonda juu ya kidonda na kumfanya tabibu asiweze kutambua kilichokuwapo mwanzoni.

Ewe msomaji, ikiwa ni wewe mwenye maradhi haya, kabla ya kuuliza habari za kidonge cha kila siku chukua daftari, au simu yako, uandike kwa miezi sita tarehe ya kila rejeo, siku lilizodumu, kilichotangulia, na kilichokukosesha: kazi, usingizi au amani ya nyumba. Nenda nalo zahanati, na kama hapo hakuna anayeweza kukuandikia dawa ya kudumu, omba barua ya rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya, ukimweleza tabibu waziwazi unataka dawa hiyo ikufanyie nini.